Vidonge Sita kwa Watoto Wawili

Nyanga, Bukoba
8 Machi 2026

Shangazi yangu Edvina,

Nyegera waitu, nakusalimu kwa Kihaya chetu. Sisi huku Nyanga tu wazima. Mvua imeanza kabla sijamaliza kuweka matandazo kwenye migomba, na mama watoto ananikumbusha jambo hilo kila siku tangu Jumatatu. Mwanangu mkubwa ameingia kidato cha kwanza na tayari anajua kila kitu, kwa hiyo nyumba yetu sasa ina wajuaji wawili. Wasalimie wajukuu zako, Rugambwa na Joviana, na mama yao Evelyne akija kutoka Mwanza.

Naandika barua kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilipaza sauti mpaka jirani akaja kuuliza kama tunagombana, na wewe bado hukusikia. Masikio yako yamechoka lakini macho yako ni mazima, na Mustapha, dereva wa basi la Muleba, amekubali kubeba bahasha zetu.

Sasa jambo lenyewe. Krismasi ulikubali Joviana aingie kwenye utafiti wetu wa malaria. Tulipatana kwamba akiugua, zahanati itampa dawa mseto, na siku ya tatu atarudi atolewe damu: tone moja litazamwe kwenye hadubini, jingine likaushwe kwenye kadi na kuletwa hapa maabara kwangu. Aliugua tarehe 17 Februari. Siku ya tatu vimelea vya malaria bado vilikuwemo, na tulitarajia damu safi. Fomu uliyotia sahihi inasema alimeza vidonge vyote sita, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Nataka nilisikie kutoka kwako. Alimeza sita?

Mwanao,
Clavery


Kimwani, Muleba
21 Machi 2026

Mwanangu Clavery,

Barua imefika na alama ya grisi ya Mustapha, lakini inasomeka. Nimefurahi umeandika kwa mkono, ingawa mwandiko wako umeharibika sana tangu nilipokufundisha darasa la pili. Herufi zako zimelala kama walevi.

Huku hatujambo. Ng'ombe wa Mzee Mutembei amezaa ndama jike na sasa jirani yangu huyo haongei kitu kingine. Kahawa imetoa maua mengi, tuombe isipigwe na mvua ya mawe. Kaburi la baba yako limeota majani. Mimi nimepalilia upande mmoja, wa pili nimekuachia wewe mwenye baba.

Joviana hajambo kabisa. Homa ilishuka siku ya pili, akaanza kunidai senene wa kukaanga, mwezi wa Februari wakati msimu wao ni Novemba, kana kwamba nina ghala. Dawa alipewa vizuri. Na Rugambwa safari hii hakuugua, namshukuru Mungu, maana mwaka jana walikuwa wanapokezana. Kwa hiyo usijisumbue. Ninyi mnatazama kioo cha hadubini, mimi namtazama mtoto, na mtoto anacheza.

Shangazi yako,
Edvina


Nyanga, Bukoba
8 Aprili 2026

Shangazi,

Heri ya Pasaka. Tuko wazima, migomba imetandazwa, nitakuja kupalilia kaburi.

Nilikuuliza idadi, umenijibu "vizuri". Vizuri si idadi, Shangazi. Ungemkuta mwanafunzi wako amejibu hivyo kwenye hesabu ungempa alama gani?

Ngoja nieleze kwa nini nang'ang'ania. Dawa mseto ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Ya kwanza, ya jamii ya artemisinini, ina haraka. Inaua vimelea vingi mno kwa saa chache, lakini nayo hutoka mwilini upesi. Ya pili ni ya polepole, hubaki siku nyingi ikimalizia vilivyosalia. Ndiyo maana mtoto anaweza kudai senene siku ya pili huku damu yake bado ina wadudu.

Miaka ya karibuni watafiti wamegundua hapa hapa Kagera, hasa upande wa Karagwe, na kwa wenzetu wa Rwanda pia, vimelea vyenye badiliko kwenye jeni moja. Jeni ni kama maelekezo ambayo kila kiumbe amezaliwa nayo, yameandikwa kwa herufi zake. Herufi moja tu imebadilika, na kimelea kimepata ujanja: dawa ya haraka inapopita, chenyewe kinajilaza, kisha kinaamka baadaye. Wengi bado wanapona, kwa sababu ya ile dawa ya pili, mradi ipewe dozi yake yote.

Sasa, kama Joviana alimeza sita na siku ya tatu vimelea vipo, lazima nivishuku vimelea vyenyewe, na tabibu lazima amfuatilie. Kama hakumeza sita, hiyo ni habari nyingine. Hadubini haiwezi kunitofautishia. Ni wewe tu unayeweza. Nipe namba, hata salamu usiweke.

Clavery


Kimwani, Muleba
3 Mei 2026

Mwanangu Clavery,

Salamu naziweka, kwa sababu mimi sikulelewa maabara. Habari za nyumbani? Mama watoto hajambo? Huku mvua imeangusha migomba minne iliyobeba, tumekula ndizi mpaka Rugambwa amezinunia. Ndama wa Mzee Mutembei anakua, tunapata taarifa zake kila asubuhi.

Barua hii nimeianza mara tatu. Sasa namba yako ni hii: Joviana vitatu, Rugambwa vitatu.

Siku ile Rugambwa alikuwa amekaa mlangoni akinitazama nikitoa kidonge kwenye karatasi yake inayong'aa. Unaijua nyumba hii. Humu mtoto mmoja hapewi kitu mwenzake akabaki kumeza mate. Yai tulikata, kipande cha nyama tulikata, hata dawa ya homa aliyokuwa akileta baba yako kutoka Bukoba niliwakatia wewe na dada zako, na nyote mnatembea. Tena mwaka jana alipougua mmoja, wa pili alifuata baada ya siku tano. Nikasema safari hii namkinga mapema. Vidonge sita, watoto wawili. Wewe ungegawaje?

Ile fomu ni kosa langu. Yule kijana wa zahanati aliniuliza mbele ya benchi zima la akina mama, "Bibi, umempa zote?" Nilifundisha sayansi darasa la tano miaka ishirini na sita, Clavery. Nusu ya akina mama wale niliwafundisha mimi. Nikasema ndiyo, nikatia sahihi.

Shangazi yako,
Edvina


Nyanga, Bukoba
9 Mei 2026

Shangazi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na hasira haikupungua.

Dawa si yai. Yai ukilikata, kila mtoto anapata nusu ya shibe. Dozi ukiikata, hakuna anayepata nusu ya kupona. Ni kama kupalilia kibanja cha migomba ukang'oa majani ukaacha mizizi, tena ukaacha ile mizizi sugu tu, halafu ukashangaa kinachoota. Vimelea dhaifu vinakufa kwa hivyo vitatu. Vinavyobaki ni vile vinavyoivumilia dawa, mbu anavinyonya, anavipeleka kwa mtoto wa jirani. Na Rugambwa, ambaye hakuwa anaumwa, umempa dawa ya bure isiyomkinga na lolote. Ukitaka kumkinga mlaze ndani ya chandarua. Hapo hapo Muleba vilijaribiwa vyandarua vilivyoongezewa kiambata kinachowashinda mbu waliozoea dawa ya zamani, dunia nzima ikasoma majibu yake, na cha kwako najua umekitundika juu ya vifaranga.

Ulimdanganya tabibu, ukanidanganya mimi, na uongo huo una sahihi yako chini. Jina la Joviana nimelifuta kwenye orodha ya utafiti. Nimempigia Evelyne nikamweleza yote. Yeye ni mama, ana haki ya kujua. Na wewe nakuambia wazi: kuanzia leo ukiniandikia kitu nitaamini nusu yake, kwa kuwa ndivyo unavyopenda kugawa.

Clavery


Kimwani, Muleba
2 Juni 2026

Clavery,

Hatujambo kidogo. Evelyne alipiga kwa simu ya Mzee Mutembei. Maneno sikuyasikia, nilisikia analia.

Chandarua nimekitoa kwa vifaranga.

Joviana alipata homa tena tarehe 28 Mei. Nilimpeleka zahanati asubuhi ile ile. Kidonge cha kwanza alimeza mbele ya tabibu, cha pili nilimpa baada ya saa nane kama alivyoagiza, vilivyofuata asubuhi na jioni. Saa zake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, zote sita. Kila kidonge kwa maziwa yenye mafuta, yanayotoka kwa ng'ombe wa Mutembei. Hakutapika hata kimoja. Rugambwa nilimpeleka kwa jirani siku zote tatu asione, akalia, nikamwacha alie. Wasingizie watu wengine, si mimi, dozi hii imekamilika.

Tarehe 31 nilimrudisha. Homa hakuna, lakini kwenye hadubini wadudu bado wamo. Tabibu akasema labda sikumpa zote. Nilimwomba hata hivyo atoe damu kwenye kadi, nimeifunga na barua hii. Uliniambia mwenyewe kwamba kama alimeza sita na bado vimo, basi vimelea vyenyewe ndivyo vya kushukiwa. Alimeza sita. Nifanye nini?

Shangazi yako


Nyanga, Bukoba
14 Juni 2026

Shangazi,

Shikamoo. Tuko wazima. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na wageni kutoka Dar.

Kadi imefika, nimeiweka kwenye friji pamoja na nyingine, itasomwa zamu yake ikifika. Lakini tusidanganyane tena. Nimetazama zile saa sita nyuma ya karatasi. Zote zimeandikwa kwa wino mmoja na kwa mkono ule ule uliotulia. Mtu huandika hivyo akiwa amekaa mezani mara moja, anatunga. Kama ni aibu iliyokufanya uandike hivyo, naielewa, lakini maabara haifanyi kazi kwa aibu.

Homa ikirudi mpeleke zahanati apewe dozi kamili. Kweli kamili.

Usikate tamaa na sayansi, dawa nyingine zinakuja. Mwishoni mwa mwaka jana yalitangazwa majibu ya dawa mpya yenye kiambata ambacho si cha jamii ya artemisinini kabisa. Ilijaribiwa kwa watu zaidi ya elfu moja na mia sita katika nchi kumi na mbili za Afrika, na iliponya kwa kiwango sawa au zaidi ya hii tunayotumia, pamoja na kuua vimelea vinavyoanza kuizoea ya sasa. Bado hatujaipata huku. Ikifika, haitamfaa mtu anayeikata, kwa hiyo tuanze mazoezi sasa.

Clavery


Muleba
28 Juni 2026

Clavery,

Niko wodini. Homa ya Joviana ilirudi tarehe 25. Juzi alfajiri alikakamaa, macho yakageuka, hakunitambua. Mzee Mutembei ndiye aliyetafuta gari. Anachomwa sindano. Hajafungua macho tangu hapo.

Wino ni mmoja kwa sababu nina kalamu moja. Mkono umetulia kwa sababu nilikuwa mwalimu.

Siombi ushauri wako. Nakuandikia ili uwe na tarehe, maana najua unazipenda.

Edvina


Nyanga, Bukoba
25 Julai 2026

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tangu niliporudi nyumbani kutoka kuwaona hospitalini sijapata namna ya kuanza barua hii. Wodini uliniamkua vizuri, ukauliza habari za mama watoto, halafu ukafungua mkoba wako ukanipa kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili kama mgeni aliyetoka mbali. Sijawahi kupewa kahawa na wewe hivyo. Niliitafuna njia nzima mpaka Bukoba.

Nimefurahi kusikia kutoka kwa Mustapha kwamba Joviana ameruhusiwa. Sindano zilimtoa kwenye hatari, na dawa waliyommalizia ni mseto wa aina nyingine, uamuzi mzuri. Damu yake ichunguzwe kila wiki hata kama hana homa, wiki sita.

Majibu yametoka. Tulisoma kadi ya tarehe 31 Mei na damu aliyotolewa hospitalini. Vimelea vya damu zote mbili ni vya ukoo mmoja, herufi kwa herufi, kwa hiyo hakuna mbu mpya aliyemuuma. Ni vile vile vya Mei vilivyojilaza, vikaamka. Na vina lile badiliko. Kwenye kadi ya Mei tulipima pia kiasi cha dawa kilichokuwa kwenye damu. Ni kiasi cha mtoto aliyemeza vidonge sita, kwa wakati wake, na chakula chenye mafuta. Uliniandikia kweli tupu.

Watafiti wenzangu wamelichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Kadi ya Joviana itasaidia watoto wengi.

Nimeandika hayo yote na bado sijaandika lililo kubwa. Kadi yako ilifika mezani kwangu tarehe 4 Juni. Kadi ya mtoto mwenye vimelea siku ya tatu husomwa kwanza, ndio utaratibu, na majibu hutoka ndani ya wiki mbili. Mimi niliandika juu yake kwa kalamu nyekundu "dozi haiaminiki" nikaisukuma nyuma ya friji. Ilikaa siku ishirini na sita. Ningeisoma kwa zamu yake, tarehe 18 ningekuwa na jibu, ningempigia tabibu amwite mtoto, apimwe, abadilishiwe dawa. Homa ilirudi tarehe 25. Wenzangu kazini hawajui kuhusu ile kalamu nyekundu. Nimekata maneno yale kwenye kadi kwa mkasi.

Nisamehe, Shangazi.

Mwanao,
Clavery


Kimwani, Muleba
16 Agosti 2026

Clavery,

Kahawa imekomaa, nimeanza kuchuma mwenyewe. Mzee Mutembei anakusalimu.

Joviana anaishi. Anatembea, anakula. Maneno yamekuwa mazito. Anajua anachotaka kusema, unamwona anakitafuta, anakasirika, anaacha. Mkono wa kushoto hauna nguvu. Daktari anasema huenda ukarudi, ni mdogo bado. Mimi nilikuwa namfundisha upya kwa picha za darasa la awali: kuku, kikombe, jua. Alikuwa amefika kikombe.

Nasema nilikuwa, kwa sababu Evelyne alikuja Jumamosi iliyopita akawachukua wote wawili, wako Mwanza. Hakunigombeza. Alikunja nguo zao zote, hata za Krismasi. Kwa kuwa sisikii, aliniandikia kwenye karatasi: "Mama, Clavery aliniambia unakata dawa. Siwezi kukuachia tena." Nikamwonyesha nakala za barua nilizokuandikia, akaandika kuwa hayo ni maneno yangu mwenyewe. Nikatafuta ya kwako ya Julai nimpe asome, nikasita. Nilisema moyoni, hili ni lake, mwache alitoe kwa mdomo wake, bila shaka amekwisha kumpigia. Nikamuuliza kama umempigia tangu mtoto alazwe. Akaandika: "Aliniambia pole."

Kosa langu la Februari nalijua. Nimelikiri kwa mkono wangu, na wewe ukalitangaza Mwanza wiki hiyo hiyo. Sikukulaumu, maana lilikuwa kosa kweli. La kwako umelikiri kwa mtu mmoja tu, mimi, ambaye nilikuwa nimekaa nalo wodini usiku na mchana na kulijua kabla hujaliandika. Kisha ukachukua mkasi.

Naandika nikiwa na hasira, na hasira hiyo si kwa ajili ya jina langu. Mimi ni mzee, nimezoea kusemwa. Ni kwamba Evelyne ameondoka hapa akiamini kuwa dawa ni nzima na bibi ndiye mbovu. Zile wiki sita za kuchunguza damu hajui ni za nini, anaona mtoto yuko mikononi mwa mama sasa, nani atamkatia. Joviana akipata homa, mama yake atampa vidonge sita kwa uaminifu wote, siku ya tatu homa itakuwa imeshuka, na atalala usingizi.

Umenieleza jeni, umenieleza herufi, umenieleza kimelea kinavyojilaza, yote nimeyaelewa. Barua hii usinijibu. Mwandikie Evelyne.

Edvina